Nilivyoponywa Upofu Nisiokuwa Nao

Jamani, leo sina pa kuuficha uso wangu. Nimerudi Sinza, nimejifungia chumbani, nimejifunika shuka hadi kichwani, na bado naona kama ukuta unanicheka. Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka Mwananyamala, maana kule wameshasikia wote.

Mnaonifahamu mnaujua ugonjwa wangu. Msionifahamu, kaeni vizuri. Mimi naogopa matundu.

Si shimo la barabarani. Hilo naliruka. Si kisima. Kisima naweza kukiinamia na kukichungulia mpaka chini. Naogopa matundu madogo madogo yaliyokaa pamoja, yamebanana, yananitazama. Sponji la kuoshea vyombo. Chujio la chai. Mzinga wa nyuki hata ukiwa kwenye picha. Nikiyaona, kwanza ngozi inasisimka. Halafu inakuja ile hali ambayo sijawahi kuieleza ikaeleweka: sauti zinakwenda mbali, mwanga unakuwa laini, nami naanza kuelea kama mtu anayesinzia huku amesimama. Sizimii. Ni kwamba dunia inajivuta nyuma kidogo na kuniteremshia pazia usoni. (Mapazia nayajua. Ndiyo kazi yangu, tunauza mapazia mimi na mwenzangu Rehema. Ya lesi anauza yeye. Mteja akiulizia lesi, mimi natoka nje kutazama mawingu.)

Dawa yangu ni moja tu. Nafumba macho mpaka kitu kiondolewe.

Rehema hunicheka, lakini naye ni mgonjwa mwenzangu. Anaogopa puto. Mtoto akipita na puto mbele ya duka, Rehema anaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa na hatoki mpaka mtoto apotelee kona. Kwa hiyo duka letu lina wauzaji wawili, na kuna saa halina hata mmoja.

Haya, tuje kwenye leo.

Leo nilikuwa napelekwa kwa mama yake Idrisa. Idrisa ndiye mchumba wangu. Kwao wana utaratibu wao: kabla wazee hawajapeleka posa, binti anakwenda kwanza kuonwa na wanawake. Wanaume wanatolewa nyumbani kabisa. Mama na shangazi wanakaa na binti uani, wanamlisha, wanamtazama anavyokaa, anavyonawa, anavyojibu. Wakiridhika, wazee wanafunga safari ya Kondoa kwa wazazi wangu. Wasiporidhika, binti anasindikizwa hadi barabarani kwa maneno matamu na hasikii kitu tena. Na mimi Idrisa nampenda. Nasema wazi, leo sina cha kuficha tena. Nampenda mpaka napima madirisha ya watu nakosea.

Kwenye bajaji nikamuuliza, "Umemwambia mama kuhusu mie?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kila kitu, Zuu. Tulia bwana."

(Wadogo zangu, mwanaume akikujibu "kila kitu", mwambie akutajie kimoja.)

Nilikuwa nimevaa baibui jipya na miwani yangu myeusi. Miwani hiyo si ya urembo. Mitaa ile nyumba nyingi zina matofali ya matundu juu ya madirisha, ya kupitishia hewa, yamejipanga safu kwa safu hadi mwisho wa mtaa. Bila miwani sifiki hata kona ya kwanza. Na ni myeusi kweli, kidogo tu iwe ya fundi wa kuchomelea.

Tukafika. Idrisa akapiga hodi, akanisukuma mbele kidogo, akasema, "Nafuata soda, narudi sasa hivi." Huyoo, akatokomea. (Ikumbukeni hiyo "sasa hivi".)

Nikaingia peke yangu. Nyumba ni ya zamani, ina ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wake mlango wa kutokea uani. Giza lake la baridi, linanukia udi. Unaingia tu na mwendo unapungua wenyewe. Tatizo, mimi na miwani yangu tulikuwa hatuoni kitu. Kuivua nikaogopa, maana sijui kuta za watu zina nini. Basi nikatanguliza mkono, nikawa napapasa ukuta taratibu, nusu nipo, nusu naota. Mbele yangu nikaona mtu mrefu, mweupe, kasimama kimya mlangoni mwa chumba. Nikajua huyo baba mkwe, amekataa kutoka.

"Shikamoo baba," nikasema, na goti nikapiga.

Kimya.

Labda hasikii vizuri. "Shikamoo baba!"

Kimya. Nikasogea, nikautafuta mkono wake ili niushike kwa heshima. Nikaupata. Ulikuwa mtupu.

Ilikuwa kanzu. Imetundikwa kwenye msumari.

Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta pumzi. Halafu sauti ya mwanamke, ya upole kuliko hali yenyewe ilivyostahili: "Njoo mwanangu. Nipe mkono. Hapa kuna kizingiti, inua mguu. Ehee, hivyo hivyo."

Huyo alikuwa Shangazi Mwajuma, dada wa baba yake Idrisa. Akaniongoza hadi uani nikijisemea, kumbe watu wa Pwani ni wakarimu hivi! Kwetu mgeni anaambiwa tu pita.

Uani kulikuwa na mkeka umetandikwa kwenye kivuli, na juu ya mkeka mama mwenyewe, Bi Mwanaidi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu yenye raha, akasema kaa hapa, kaa starehe. Nikakaa. Macho nimeyainamisha kama mama yangu alivyonifunza, mpaka yanatazama magoti yangu. Kwa heshima nikavua miwani.

Mbele ya magoti yangu kulikuwa na sinia lililofunikwa kawa.

"Nimekupikia chakula cha kwetu Kilwa," Bi Mwanaidi akasema. "Vibibi. Mtaa huu wote wanajua, mie kwenye vibibi sina mpinzani. Kibibi ni matundu, mwanangu. Kisichokuwa na matundu si kibibi, hiyo ni chapati iliyokata tamaa. Hebu tazama mwenyewe."

Akainua kawa.

Jamani!

Kwa wasiovijua: kibibi ni kichapati cha mchele na nazi, kinaumuliwa kwa hamira na kupikwa upande mmoja tu. Chini kinakuwa laini, cha kahawia. Juu kinafumuka matundu mpaka ukingoni, na mpishi anasifiwa kwa wingi wake. Bi Mwanaidi alistahili kila sifa. Sinia zima. Na juu yake amemwagia tui tamu, matundu yanalifyonza polepole, yanafunguka, yanafumba. YANAPUMUA, jamani!

Nikafumba macho.

Nikasubiri waondoe sinia. Si wameambiwa kila kitu? Hakuna aliyeondoa kitu. Nikahisi kiupepo usoni, mara kulia, mara kushoto. (Baadaye nimekuja kujua ulikuwa mkono wa Shangazi unapungwa mbele ya pua yangu.)

"Mwanangu," Bi Mwanaidi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kumbe una mtihani huu?"

Roho yangu ikatua. Kweli Idrisa kasema!

"Ndiyo mama. Mnisamehe."

"Tukusamehe nini? Kwani umejiumba? Umekuanza lini?"

"Tangu mdogo, mama."

"Hospitali wanasemaje?"

"Wanasema hakuna dawa. Nizoee tu."

"Na Idrisa anajua?"

"Anajua sana. Tukiwa njiani ndiye anayenishika mkono."

Nikasikia kwikwi. "Mwajuma, unayasikia ya Idrisa wangu? Mie kila siku namwona mvivu tu, kumbe ana moyo namna hii!"

Nikawaza, Idrisa anafaidi. Kunishika mkono kwenye matofali tu, sifa zote hizi! Lakini nilifurahi. Sijawahi kukutana na watu wanaouelewa ugonjwa wangu bila kucheka. Hata mama yangu mzazi hucheka. Hapa wamekaa wanawake wawili wazima wanalia kwa ajili ya hofu yangu ya matundu. Nikaona nimefika kwangu.

"Fungua mdomo, mwanangu," Bi Mwanaidi akasema. "Nitakulisha mwenyewe."

Na hapo ndipo nilipopotea kabisa.

Sijui niwaelezeje. Kibibi kiliingia mdomoni kikayeyuka. (Ulimi hauna macho, nikashukuru Mungu.) Tui lilikuwa na iliki, lina sukari ya kutosha na chumvi ya mbali. Nilikaa kwenye giza langu la kope, na lile giza lilikuwa jekundu kidogo kwa sababu ya jua. Juu ya bati njiwa walikuwa wanatembea, nasikia kucha zao. Kanga zilizoanikwa zinadondosha maji kwenye mchanga. Nyumba ya tatu mtu alikuwa amefungulia singeli, lakini kwa mbali ile vurugu yote ilikuwa imegeuka mvua ndogo. Bi Mwanaidi anauchukua mkono wangu, anauweka juu ya kitu, anasema, "Hiki kikombe. Hapa pembeni kuna maji." Halafu ananifuta kidevu kwa ncha ya kanga yake. Sijafutwa kidevu na mtu tangu nikiwa darasa la kwanza. Nilitamani ile alasiri isimame palepale. Hofu ilikuwepo, naijua, ilikuwa imekaa mbele ya magoti yangu kwenye sinia, lakini ilikuwa mbali kama hiyo singeli. Nikala cha pili, cha tatu. Nikawa nayumba kidogo kwa raha.

"Mwone anavyojituliza," Shangazi akanong'ona. "Wana utulivu hawa."

Hawa? Hawa kina nani? Lakini nilikuwa naelea, sikulifuatilia.

Shangazi akanisogelea, akanishika kichwa, akaanza kunisomea dua. Akasoma kwa sauti ya chini, muda mrefu, na kila akimaliza kipande ananipulizia usoni. Pumzi yake ilinukia iliki. Nikasema amina mara kadhaa. Nani anakataa dua?

Akamaliza, akanipapasa bega. "Usikate tamaa, mwanangu. Mtaa wa nyuma yupo bwana mmoja, naye haoni kama wewe, lakini anasuka mikeka huyo, utashangaa. Na kaoa."

Singeli ikakata. Njiwa wakasimama. Au niseme mimi ndiye niliyeacha kuvisikia.

Haoni. Kama wewe.

Nikarudi nyuma taratibu ndani ya kichwa changu. Kanzu. Kizingiti. Kiupepo. Kikombe. Umekuanza lini. Jamani, Idrisa hakusema kitu! Watu hawa wanalia kwa sababu wanadhani mtoto wao kawaletea kipofu!

Sasa mniambie, ningefanya nini? Nikifumbua macho, kwanza nakutana na sinia. Pili, mimi ni mwongo niliyekuja kulishwa kwa mkono na kusomewa dua kwa ugonjwa wa kubuni. Posa inafia hapo kwenye mkeka. Nikasema ngoja, nitajieleza taratibu. Nikafungua mdomo.

"Mama, mie kwa kweli..."

"Shhh," Bi Mwanaidi akasema. Nikahisi kitambaa kinatua mabegani mwangu, kipya, bado kina ule ugumu wa dukani. "Hii doti ya kanga nilimwekea mkwe wangu tangu Idrisa anamaliza shule. Ina rangi ya zambarau. Unaijua zambarau? Basi. Ni rangi nzuri. Nilikuwa nasema, binti wa bara, sijui kama tutaivana. Leo Mungu kanionyesha. Mie nimekukubali, mwanangu. Hivyo hivyo ulivyo."

Machozi yakanitoka, yakapita chini ya kope zilizofumbwa. Nikaamua kumsubiri Idrisa. Akija na soda zake atawaita mama na shangazi pembeni, ataeleza yeye, ndiyo kazi ya mchumba. Mimi nikae tu na kanga yangu nipumue.

Na mpango ulikuwa mzuri. Ningeokoka.

Simu ikatetemeka mapajani.

Enyi watu, mkono una akili zake. Siwezi kumlaumu mtu. Nilikuwa nimelegea, nimeshiba, niko kwenye ile hali ya mtu aliyeamshwa nusu. Nikaichukua simu, nikageuka pembeni ya sinia, nikafumbua macho. Rehema ameandika: "Vipi shosti, umeshawaona?" Nikaandika, kwa vidole viwili, mbiombio kama kawaida yangu: "Bado, nimefumba macho." Nikaweka na kikatuni cha kucheka. Nikatuma. Nikatabasamu peke yangu.

Halafu nikainua uso.

Shangazi Mwajuma alikuwa ananitazama. Ni mwanamke mnene, mzuri, ana pengo. Pengo nililiona kwa sababu mdomo ulikuwa wazi wote.

"Kaona," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikafumba macho. (Ndiyo. Nilifumba tena. Msiniulize.)

"KAONA! Mwanaidi, kaona! Dua yangu! Yarabi, kasoma simu! Kaona!"

Vigelegele alivyopiga yule mama, njiwa wote waliruka. Uani kwa watu wa Mwananyamala ukuta ni jina tu. Kabla kigelegele cha pili hakijaisha, majirani walikuwa wameshaingia. Wengine na mwiko mkononi. Mmoja na mtoto ana povu kichwani. Nikasikia nyayo, nikasikia "kipofu gani?", nikasikia "mkwe wa Mwanaidi, kaja haoni, Mwajuma kampulizia tu!"

"Fumbua mwanangu, usiogope mwanga! Hivi ni vidole vingapi?"

Nikafumbua, kwa upande. "Vitatu."

Uani ukalipuka. Watu wanakumbatiana. Bi Mwanaidi ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, anacheka na kulia kwa pamoja, anasema alhamdulillahi hajui hata anasema mara ngapi. Na mimi katikati, na kanga yangu ya zambarau, nimeanza kuelea tena, mara hii si kwa matundu. Niliona yote kama yanatokea ndani ya maji. Nikawaza, labda ninyamaze. Nani ataumia? Nimekubaliwa nikiwa sioni, nimekubaliwa na kuona, posa inakwenda, maisha yanaendelea.

Ndipo akapita bibi mmoja mzee sana, anajikokota na fimbo, watu wanampisha. Akaketi mbele ya Shangazi, akapandisha gauni hadi gotini.

"Mwajuma," akasema, "na mie nipulizie hili goti. Nimeacha kwenda hospitali, nakuja kwako."

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa anakunja mikono ya gauni.

Basi nikasimama. Nilisimama kwa sababu ya lile goti, nataka mjue. "Mie sikuwa kipofu!" nikapiga kelele.

Hata mtoto mwenye povu alinyamaza.

"Mie naona. Nimeona siku zote. Nilifumba macho tu."

"Ulifumba macho," Bi Mwanaidi akasema polepole, "tangu umekaa?"

"Ndiyo mama."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipotamani upofu wa kweli. Watu wote wale. Mwiko umesimama hewani.

"Naogopa matundu."

"Matundu gani?"

"Ya..." Nikanyoosha kidole kwenye sinia bila kulitazama. "Ya vibibi."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Anaogopa chapati?"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia maishani. Walicheka wakashikana. Walicheka wakakaa chini. Bibi mwenye goti alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, na akasimama kuiokota mwenyewe bila kusaidiwa. (Shangazi aliliona hilo na amelihesabu upande wake.) Mimi nimesimama, machozi, kanga, tui kidevuni.

Wakati huohuo mlango wa uani ukafunguka. Idrisa. Soda mkononi. Anaona umati, anaona nalia, anamwona mama yake ameshika kichwa.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe," mama yake akasema. "Bado kidogo tu. Ulikuwa wapi? Na huyu mtoto, mbona hukutwambia?"

Idrisa akanitazama, akatazama sinia, akaelewa. "Sasa mama, ningeanzaje? Mchumba wangu anaogopa chujio?" Halafu akanigeukia: "Zuu, samahani. Nilijisemea nitamwambia. Nilikuwaga naona aibu."

Kitu cha ajabu kikatokea hapo. Mwanamke mwenye mwiko, aliyecheka kuliko wote, akafuta macho akasema, "Msimcheke sana. Mie mwenzenu vifungo vya shati. Siwezi kuvigusa. Mume wangu anajifunga mwenyewe tangu tuoane." Mwenzake akasema kaka yake ni bondia lakini akiona unyoya wa kuku chini anaruka dirishani. Mwingine mjusi, mwingine sauti ya mtu anayekula muwa. Uani kukawa na mnong'ono mrefu wa watu wanatajana hofu zao, hakuna anayemshangaa mwenzake, na jua limeshuka linapita katikati ya kanga zilizoanikwa. Nilisahau kidogo kwamba nimeaibika.

Lakini Bi Mwanaidi hakusema kitu. Na ni yeye peke yake niliyekuwa namsubiri. Alikaa kwenye mkeka wake anaangalia vibibi vyake, vilivyomshinda kila mpishi wa mtaa, vikaja kuogopwa na binti wa Kondoa. Nikaanza kuivua ile kanga. Nikaikunja vizuri, kazi yangu hiyo, nikaiweka mbele yake.

"Mama, nisamehe. Ulimkubali mwingine."

Akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, machoni, kama ndiyo nimeingia sasa.

"Yule asiyeona nilishampenda," akasema. "Wewe unayeona ndiyo kwanza nakuona. Kaa chini."

Nikakaa. Macho nimefumba, maana sinia lilikuwa palepale.

Nikasikia vidole vyake vinafanya kazi. Sauti ndogo ya kitu kilicholowa, inajirudia, taratibu, bila haraka yoyote. Halafu akasema, "Haya. Fumbua."

"Mama, siwezi."

"Fumbua, nimesema."

Nikafumbua jicho moja.

Alikuwa amevigeuza. Vyote. Kimoja kimoja, kichwa chini, na sinia zima lilikuwa laini, la kahawia, limetulia. Hakuna tundu hata moja. Miaka yote mwanamke huyu anawaonyesha watu matundu yake, na leo mbele ya mtaa mzima ameyalaza chini kwa ajili yangu.

"Upande huu je?" akauliza.

"Huu mzuri, mama."

"Basi kula. Na hiyo kanga irudishe mabegani, sijakwambia uivue."

Nikala, macho wazi, nalia, Idrisa amekaa pembeni amepigwa marufuku ya kusema. Posa inakuja Kondoa, mama kasema mwenyewe. Shangazi Mwajuma anatangulia kwenye msafara, na hadi naondoka alikuwa bado anashikilia kwamba dua yake ilifanya kazi, ila kwa mlango mwingine. Bibi wa goti amepewa namba yake.

Kwa hiyo mkikutana na habari huko mitaani ya kipofu aliyepona kwa vibibi, ni mimi, Zuhura wa mapazia. Nawaombeni msinicheke. Mkishindwa kabisa, chekeni mkiwa mmefumba macho.